Viza ya Matibabu ya India: Mambo ya Kuzingatia kwa Wagonjwa wa Ilomba na Nyanda za Juu Kusini

Wananchi wanaotarajia kwenda India kwa matibabu ya kibingwa wanapaswa kufahamu kuwa ugonjwa peke yake haumpi mtu haki ya kukaa nchini humo. Kinachompa haki hiyo ni viza ya matibabu, nayo hutolewa kwa kuzingatia nyaraka za kitabibu zinazoonesha ugonjwa, hospitali itakayotoa tiba na muda unaohitajika.

Kwa familia ya Ilomba, kata iliyopo kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma jijini Mbeya, safari ya namna hiyo mara nyingi hugharamiwa kwa michango ya ndugu, jamaa na majirani, na wakati mwingine kwa kuuza kiwanja au shamba. Kukosea aina ya viza kunaweza kupoteza fedha hizo au kumlazimu mgonjwa kurejea nyumbani kabla tiba haijakamilika.

Hatua ya kwanza huanzia nyumbani. Mgonjwa anapaswa kuonwa na madaktari bingwa wa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, inayohudumia mikoa ya Nyanda za Juu Kusini. Ipo sababu ya msingi ya kufanya hivyo: huduma kadhaa zilizokuwa zikifuatwa nje sasa zinapatikana nchini. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete hufanya upasuaji wa moyo, Taasisi ya Saratani Ocean Road hutoa tiba ya mionzi, na Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifanya upandikizaji wa figo kwa mara ya kwanza mwezi Novemba 2017. Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma ilifuata mwaka 2018.

Iwapo tiba haipatikani nchini na mgonjwa anaomba kugharamiwa na Serikali, utaratibu ni kupitia jopo la madaktari bingwa wa hospitali za ngazi ya taifa, ambalo huwasilisha mapendekezo Wizara ya Afya kwa uamuzi. Anayejigharamia halazimiki kusubiri kibali hicho, lakini bado anahitaji taarifa ya daktari wake, kwa kuwa ndiyo msingi wa maombi ya viza.

Hatua ya pili ni pasipoti. Pasipoti ya kielektroniki, iliyozinduliwa Januari 2018, huombwa kupitia tovuti ya Idara ya Uhamiaji. Kila msafiri, akiwemo mtoto, huhitaji pasipoti yake mwenyewe. India hutaka pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi sita tangu tarehe ya kuwasili, pamoja na kurasa mbili zilizo wazi. Kitambulisho cha Taifa na cheti cha kuzaliwa vifuatiliwe mapema, kwa sababu pengo katika nyaraka hizo huchelewesha hatua zote zinazofuata.

Hatua ya tatu ni barua ya hospitali ya India. Barua hiyo hueleza jina la mgonjwa kama lilivyo katika pasipoti, ugonjwa, tiba itakayotolewa na muda unaokadiriwa. Tofauti ndogo ya herufi za jina kati ya barua na pasipoti inaweza kukwamisha maombi.

Baada ya hapo mgonjwa huchagua kati ya njia mbili. Ya kwanza ni viza ya matibabu ya kielektroniki, inayoombwa kupitia tovuti rasmi ya Serikali ya India, indianvisaonline.gov.in, angalau siku nne kabla ya kuwasili. Viza hiyo huruhusu kukaa siku 60 kuanzia siku ya kuwasili kwa mara ya kwanza, na kuingia mara tatu. Ya pili ni viza ya kawaida ya matibabu inayoombwa kupitia Ubalozi wa India, ambayo hutolewa kwa muda wa tiba au hadi mwaka mmoja, kwa kuzingatia ulio mfupi zaidi. Kwa njia zote mbili, wasindikizaji wasiozidi wawili huruhusiwa kuomba viza zinazoambatana na ya mgonjwa.

Uchaguzi huo hutegemea hesabu ya siku. Kwa mfano, mgonjwa wa saratani aliyepangiwa mizunguko sita ya dawa, kila mmoja wa siku 21, anahitaji siku 126. Siku 60 hazimtoshi. Ni busara amwombe daktari aandike muda wote wa tiba katika barua, kisha aombe viza inayolingana na muda huo.

Upandikizaji wa figo una masharti ya ziada. Sheria ya India ya mwaka 1994 kuhusu upandikizaji wa viungo inakataza biashara ya viungo. Pale mgonjwa na mchangiaji wote wanapokuwa raia wa kigeni, uhusiano wao huthibitishwa kwa nyaraka za ubalozi wa nchi yao, na kamati maalum ya uidhinishaji huamua. Upandikizaji haufanyiki kwa viza ya utalii.

Mwenye viza ya matibabu ya zaidi ya siku 180 hutakiwa kujisajili katika ofisi ya usajili wa wageni ndani ya siku 14 tangu kuwasili. Tiba inapozidi muda uliotarajiwa, maombi ya kuongeza muda hupelekwa katika ofisi hiyo yakiwa na uthibitisho wa hospitali, na yafanyike kabla viza haijaisha. Kupitiliza muda huweza kuleta faini na ugumu wa kupata viza siku zijazo.

Wananchi wanashauriwa kuthibitisha mapema masharti ya chanjo, ikiwemo ya homa ya manjano, kutunza nakala za vipimo na stakabadhi zote, na kuepuka vishoka wanaoahidi viza ya haraka kwa malipo ya pembeni. Fedha za matibabu zisikabidhiwe kwa mtu wa kati. Malipo yafanywe kwa hospitali yenyewe, baada ya familia kuwasiliana nayo moja kwa moja na kupata makadirio ya gharama kwa maandishi.