Mashine ya Kumenyea Kahawa Nyumbani: Kutambua Kasoro na Kuitengeneza

Msimu wa kahawa unapokaribia, wanachama wengi hutayarisha magunia na vichanja, lakini mashine ya kumenyea huachwa kibandani mpaka siku ya kwanza ya kuchuma. Siku hiyo ndipo inapogunduliwa kwamba haizunguki, au inazunguka na kukata punje. Kwa kuwa kahawa mbivu yapasa kumenywa siku ile ile iliyochumwa, mwenye mashine hana nafasi ya kumtafuta fundi. Huendelea kumenya hivyo hivyo, na hasara huanzia hapo.

Hasara hiyo si ya nyumba moja. Katika sehemu zinazolima arabika ya kuoshwa, kama vile Kilimanjaro, Mbozi na Mbinga, wapo wakulima wanaomenya kahawa nyumbani na kuipeleka chamani ikiwa imeoshwa na kukaushwa, bado ikiwa na ganda lake la ndani. Huko chamani kahawa ya wanachama huchanganywa. Punje iliyokatwa huingiwa na vijidudu wakati wa kuvundikwa, ikageuka rangi na hata kunuka, na punje chache za namna hiyo zaweza kuharibu kikombe kizima. Mwonjaji hajui punje hiyo imetoka kwa nani. Ajualo ni kwamba kahawa ya chama hicho ina kasoro. Bei ikishuka, huwashukia wote.

NAMNA MASHINE INAVYOFANYA KAZI

Matunda hutiwa katika bakuli la juu, yakaanguka kati ya silinda iliyovikwa bamba la shaba lenye vinundu na bamba lisilozunguka, liitwalo kifua. Silinda inapozungushwa, tunda hubanwa na punje zikachomoka. Vinundu hukokota maganda na kuyatupa upande mmoja, na punje hutokea upande wa pili. Hivyo basi, kazi yote imetegemea nafasi iliyopo kati ya silinda na kifua.

DALILI NA SABABU ZAKE

Kasoro ya mashine hujionyesha katika ndoo. Kabla ya kugusa nati yoyote, yafaa kuchukua matunda 100 yaliyoiva sawasawa, kuyamenya peke yake, na kuyatazama yanayotoka. Aghalabu kila tunda lina punje mbili, hivyo zitapatikana punje zipatazo 200. Zihesabiwe zilizokatwa au kuchubuka ganda la ndani, pamoja na matunda yaliyopita bila kumenywa.

(a) Punje nyingi zimekatwa. Huenda nafasi ni ndogo mno, au changarawe imenasa, au kinundu kimevunjika na kuacha ukingo mkali.

(b) Matunda mengi yamepita mazima. Nafasi ni kubwa mno, au vinundu vimelika.

(c) Punje zimekatwa upande mmoja, na matunda mazima yanapita upande mwingine. Kifua kimekaa mshazari.

(d) Mkono ni mzito kuzungusha. Beringi zimekauka grisi, kuna jiwe ndani, au kahawa imetiwa nyingi kwa mara moja.

Hata hivyo, si kila kosa ni la mashine. Tunda bichi halimenyeki vema. Huviringishwa na kupondwa. Tunda lililolala usiku kucha au kuanza kukauka nalo husumbua. Mwanachama anayechuma mabichi na mabivu pamoja atakaza na kulegeza nati msimu mzima asipate nafuu.

HATUA ZA KUTENGENEZA

Kwanza ni usafi. Mashine ioshwe kwa maji safi na brashi, na mawe na maganda makavu yaondolewe. Mafuta ya taa yasitumiwe, kwa kuwa kahawa hushika harufu upesi. Kasoro zidhaniwazo kuwa kubwa mara nyingi huishia hapa.

Pili, beringi zitiwe grisi kwa kiasi, bila kuiacha idondokee kwenye silinda.

Tatu, nafasi irekebishwe. Kipande cha kadi ngumu kipitishwe kati ya silinda na kifua, mwisho wa kulia na mwisho wa kushoto. Kipite kwa ugumu ulio sawa pande zote mbili. Nati za pande zote zizungushwe kwa kipimo kimoja, robo mzunguko kila mara, kisha jaribio la matunda 100 lirudiwe. Hesabu ya pili ndiyo itakayoonyesha kama hali imekuwa bora au mbaya zaidi. Kwa vile ukubwa wa matunda hubadilika kadiri msimu unavyoendelea, jaribio hili halifanywi mara moja tu.

Nne, kinundu chenye ukingo mkali kisuguliwe kwa tupa laini. Bamba la shaba lililotoboka au kulika lote halina dawa ila kubadilishwa, na kazi hiyo apewe fundi, maana bamba lisilokazwa vema litakata punje kuliko lile la zamani.

Katika hatua zote hizi, mtu asiingize kidole wakati mwingine ameshika mkono wa mashine, na watoto wakae mbali.

WAJIBU WA KATIBU NA KARANI

Karani anayepokea kahawa ndiye wa kwanza awezaye kugundua mashine mbovu. Konzi moja ya punje ikitandazwa juu ya meza itaonyesha waziwazi zile zilizokatwa. Mwanachama asifokewe wala kuaibishwa mbele ya wenziwe. Aelezwe kasoro na kushauriwa airekebishe mashine kabla ya kuchuma tena. Nayo halmashauri yafaa ikubaliane na fundi mmoja azikague mashine za wanachama kabla ya msimu, na mabamba ya shaba yaagizwe kwa pamoja badala ya kila mmoja kuhangaika peke yake.

Kila jioni mashine ioshwe, kwani punje iliyosahaulika ndani huoza na kuchanganyika na kahawa ya kesho. Msimu ukiisha, ikaushwe, itiwe grisi na kufunikwa mahali pasipovuja. Ganda la ndani likishakatwa halirudi, hata kahawa ioshwe na kuanikwa kwa uangalifu wa namna gani. Mwanachama anayekagua mashine yake mapema huilinda kahawa yake na ya jirani yake pia.