Wananchi wanne na kapu la bidhaa 383

Gazeti likiandika "Wananchi walia na ugumu wa maisha", mara nyingi hao wananchi ni wanne. Mmoja ni dereva wa bodaboda aliyekuwa ameegesha jirani na ofisi ya gazeti. Wa pili ni mama wa genge, wa tatu mwanafunzi wa chuo, na wa nne ni yule mzee wa kijiweni ambaye kila mwandishi wa mji huo anamfahamu kwa kuwa hakatai kuhojiwa. Inawezekana kabisa wote wamesema kweli. Kilichoongezwa chumvi ni kichwa cha habari, kilichowapa watu wanne mamlaka ya kuisemea Tanzania, nchi ambayo sensa ya 2022 iliihesabia watu 61,741,120.

Kurasa mbili mbele, gazeti hilohilo linamnukuu ofisa akisema uchumi uko imara na bei zimedhibitiwa. Msomaji anaachiwa achague wa kumwamini. Kwa kawaida anayependa serikali humchagua ofisa, asiyeipenda humchagua mama wa genge, na hapo mjadala umekwisha kabla haujaanza.

Tuchukue mwanzo wa 2023. Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) ilitangaza kuwa mfumuko wa bei kwa mwaka ulioishia Januari ulikuwa asilimia 4.9. Siku hizohizo kilo ya mchele Dar es Salaam ilikuwa imefika Sh3,000, na ule mzuri ulipita hapo. Maharage nayo yalikuwa yamepanda. Mtu anayepika kila siku alikuwa na haki ya kucheka aliposikia asilimia 4.9. Wengi walicheka, wengine wakasema takwimu zimepikwa.

Hazikuhitaji kupikwa. Ndani ya taarifa ileile, mfumuko wa bei za vyakula pekee ulikuwa karibu asilimia 10, mara mbili ya ule wa jumla. Asilimia 4.9 ni wastani wa kapu lenye aina 383 za bidhaa na huduma: mchele umo, na kodi ya nyumba, nauli, vifurushi vya simu, nguo, ada na samani. Mchele ukiruka huku vifurushi na samani vimetulia, wastani unapanda kidogo tu. Hakuna aliyedanganya, ila hakuna anayekula wastani.

Kapu hilo lina siri moja ambayo ingestahili kujadiliwa vijiweni kuliko tuhuma za kupika. Kila kundi la bidhaa hupewa mizania, yaani uzito wake katika hesabu, kwa kuangalia kaya zinatumiaje fedha. Katika kapu la zamani, ambalo mwaka wake wa kizio, yaani wa kulinganishia bei, ulikuwa 2015, chakula na vinywaji visivyo na kilevi vilibeba asilimia 38.5. Katika kapu la sasa, la mwaka wa kizio 2020, vinabeba asilimia 28.2. Uzito huo hutokana na shilingi zinazotumika. Vichwa havihesabiwi. Kaya inayotumia milioni tatu kwa mwezi inavuta mizania mara kumi ya kaya inayotumia laki tatu. Sasa kaya ya laki tatu inatumia sehemu kubwa ya fedha yake kula, na ile ya milioni tatu inalipia gari, shule na intaneti. Basi chakula kikipanda, maumivu ya maskini huingia kwenye wastani yakiwa yamepunguzwa makali.

Hii ndiyo kanuni ya kawaida ya hesabu hizi duniani, wala si hila ya Dodoma. Lakini mama wa genge anaposema "hiyo asilimia yenu siyo yangu", amesema jambo sahihi la kitakwimu, hata kama hajawahi kuisikia mizania. Anaeleza kapu lake. Na kapu lake ni ukweli kama lilivyo kapu la taifa.

Anajua hata zaidi. Anajua kwamba fungu la nyanya bado linauzwa kwa bei ya zamani ila lina nyanya nne badala ya sita, na kwamba andazi la asubuhi limebaki na bei yake likapungua umbo. Mkusanya bei asiyepima fungu kwa mizani ataandika kuwa nyanya hazijapanda. Mpishi hadanganyiki, kwa sababu mboga ile ile sasa inataka mafungu mawili.

Kuna mahali pengine ambapo pande hizi mbili hupishana usiku kucha bila kuonana. Waziri anasema mfumuko wa bei umeshuka, na wananchi wanamjibu: mbona bei hazijashuka? Tuseme mchele umetoka Sh2,000 ukafika Sh3,000 ndani ya mwaka. Huo ni mfumuko wa asilimia 50. Mwaka unaofuata ukabaki palepale Sh3,000. Mfumuko sasa ni sifuri, na waziri anaweza kulitangaza hilo kwa furaha. Mnunuzi bado anatoa Sh3,000 kutoka kwenye mshahara ambao haujasogea. Mmoja anazungumzia mwendo, mwingine anazungumzia mahali tulipofika. NBS wenyewe huliweka wazi jambo hili kwenye taarifa zao za kila mwezi, kwamba mfumuko ukipungua ni kasi ya kupanda iliyopungua. Wanasiasa ndio hupenda kuliruka.

Hadi hapa nimekuwa upande wa raia, na sitajificha: katika mabishano ya bei, mara nyingi yeye ndiye anayepuuzwa bila sababu. Lakini ushahidi wake una mpaka. Akiulizwa mchele ni shilingi ngapi, ni shahidi. Akiulizwa kwa nini umepanda, anabahatisha kama sisi wengine: walanguzi wameficha, umeuzwa wote nje, mvua, vita ya Ukraine, mbolea. Kila moja linaweza kuwa na chembe ya ukweli, na hakuna linaloweza kuonekana kutoka mlangoni mwa genge. Waandishi tunampelekea kipaza sauti kwa swali la kwanza, kisha tunamwacha aendelee hadi la pili kana kwamba bado anatoa ushahidi.

Mwaka 2011 tulilipa gharama ya kuchanganya ushahidi na kubahatisha. Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, alikuwa akitoa kikombe cha dawa ya mizizi ya mugariga kijijini Samunge, Loliondo, kwa Sh500. Alisema ni ufunuo, na kwamba kinatibu kisukari, saratani, presha na hata Ukimwi. Msururu wa magari ulinyooka kwa kilomita nyingi, watu wakafia njiani wakisubiri zamu. Vigogo nao walikunywa, na picha zao zikachapishwa.

Nakumbuka namna habari zilivyoandikwa: fulani kanywa, fulani anajisikia nafuu. Ushuhuda huo haukuwa uongo. Aliyesema anajisikia nafuu huenda kweli alijisikia hivyo, na hakuna mtu mwingine duniani mwenye haki ya kumbishia kuhusu mwili wake. Ila virusi havisikiki. Kiwango chao katika damu hujulikana maabara, wala imani ya mgonjwa au heshima ya mchungaji haibadilishi kipimo. Serikali ilisema dawa hiyo haina madhara kwa mnywaji, na umma ukasikia kwamba inatibu. Wapo walioacha dawa za kufubaza virusi. Kauli "haina madhara" ilikuwa kweli kuhusu mizizi na hatari kabisa kuhusu mwenendo wa watu.

Mtu anaweza kusema basi dawa ni moja, tuwaachie wataalamu na serikali waamue ukweli ni upi. Tulijaribu. Sheria ya Takwimu ya 2015 ilifanyiwa marekebisho Septemba 2018, ikawa kosa kuchapisha takwimu zinazopinga au kupotosha zile rasmi, na adhabu yake ilikuwa faini isiyopungua Sh10 milioni, kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Benki ya Dunia ilipaza sauti Oktoba mwaka huohuo, na Juni 2019 Bunge likaondoa ujinai huo.

Miezi michache kabla ya marekebisho hayo, Julai 2018, shirika la Twaweza lilitoa matokeo ya utafiti wake wa maoni uitwao Sauti za Wananchi, unaofanywa kwa kuwapigia simu watu wa kaya zilizochaguliwa kwa bahati nasibu. Waliokubali utendaji wa Rais John Magufuli walikuwa asilimia 55, kutoka 71 mwaka 2017 na 96 mwaka 2016. Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) ikaliandikia shirika hilo barua ikilitaka lijieleze kuhusu kibali, na baadaye hati ya kusafiria ya mkurugenzi wa Twaweza ikashikiliwa. Tazama kilichotokea: asilimia 55 haikudai kwamba Rais anafanya vibaya. Ilidai tu kwamba watu wengi zaidi ya zamani wanaona hivyo. Maoni hayo yangeweza kuwa ya makosa matupu, na hesabu ya maoni bado ikawa sahihi. Serikali ilijibu kana kwamba kupima homa ni kuileta.

Kenya ilichukua njia nyingine katika sheria yake ya mwaka 2012: anayechapisha kura ya maoni ya uchaguzi aeleze nani ameilipia, wamehojiwa wangapi na kwa njia gani. Sheria haikuzuia kukosea. Kabla ya uchaguzi wa Agosti 2022, Infotrak na Ipsos zilimweka Raila Odinga mbele, kisha William Ruto akatangazwa mshindi kwa asilimia 50.49. Lakini msomaji makini aliweza kuona katika jedwali lilelile idadi ya waliosema hawajaamua au waliokataa kujibu, na akajiwekea akiba ya maneno.

Kwetu kuna sehemu moja ambapo mabishano yamepata sakafu ya kusimamia, nayo ni mafuta. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi Ewura, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati, hutangaza bei kikomo, mji kwa mji. Dereva wa bodaboda wa Bukoba anaijua bei yake na ya Dar es Salaam. Petroli ilipovuka Sh3,000 mwaka 2022, hakuna aliyebishana kama imepanda. Watu walibishana kuhusu kodi na tozo, dola, gharama za meli, na ile ruzuku ya Sh100 bilioni kwa mwezi, kwamba itamfaidisha nani. Ubishi haukupungua, pengine ulikuwa mkali zaidi, lakini ulihusu mambo ambayo mtu anaweza kuyafuatilia.

Chakula hakina Jumatano yake. Wizara ya Viwanda na Biashara hukusanya bei za jumla za mahindi, mchele na maharage kwa gunia la kilo 100, soko kwa soko, na hutoa taarifa. Redio zetu zinazosoma matokeo ya ligi ya Uingereza kila baada ya nusu saa hazijaona sababu ya kuzisoma.