Dawa ya Kutuliza Haikatishwi Ghafla

Mtu anayekimbia kuokoa roho yake hubeba mtoto na nguo alizovaa. Ni wachache wakumbukao pakiti ya vidonge iliyobaki kabatini. Hivyo ndivyo watu wa pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado walivyohama tangu mashambulio yalipoanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba, 2017. Na tena baada ya Palma kushambuliwa tarehe 24 Machi, 2021, wengi wakielekea Pemba kwa miguu na kwa vyombo vya baharini.

Miongoni mwa watu wanaohama namna hii huwamo wenye kifafa watumiao fenobabitali, na walioandikiwa diazepamu kwa ajili ya hofu au kukosa usingizi. Dawa hizi huusaidia ubongo kutulia. Lakini zikinywewa kila siku kwa majuma mengi, ubongo huzizoea, na zikikatika ghafla hubaki bila mtulizaji.

Dalili huanza baada ya siku moja au mbili, na kwa dawa zikaazo mwilini kwa muda mrefu, hata juma zima au zaidi. Mgonjwa hukosa usingizi, hutetemeka, hutoka jasho, moyo humwenda mbio, na sauti ndogo humshtua. Hali ikizidi huweweseka, huona visivyokuwepo, na huenda akaanguka kifafa hata kama hakuwahi kuwa nacho.

Aghalabu jamaa hudhani ni malaria, au kwamba amepandwa na majini. Malaria yafaa ipimwe. Lakini hapana budi kuuliza pia: alikuwa akinywa dawa gani, na aliinywa lini mara ya mwisho?

Akianguka, alazwe ubavu, aondolewe vitu vya kumwumiza, wala asitiwe kitu mdomoni. Degedege likipita dakika tano, au likirudia kabla hajazinduka, akimbizwe hospitali.

Tiba yenyewe ni kurudishiwa dawa chini ya uangalizi wa mganga, kisha, ikiwa haihitajiki tena, kuipunguza kidogo kidogo. Mwongozo uliotolewa na wataalamu wa Marekani mwaka 2025 kuhusu dawa za jamii ya diazepamu ulishauri kupunguza asilimia 5 hadi 10 kila baada ya majuma mawili hadi manne. Mwenye kifafa asiache kabisa bila idhini ya mganga. Vidonge vya jirani na pombe si badala ya tiba. Pombe ikichanganywa na dawa hizi huweza kuzuia pumzi.

Basi kila nyumba yenye mgonjwa wa namna hii iandike katika kikaratasi jina la dawa na kipimo chake, kisha ikifungie pamoja na vyeti. Kikaratasi hicho hakina uzito safarini, nacho chaweza kuokoa maisha.