Pesa Inapozidi kwenye Droo ya Wakala

Jioni, wakala wa pesa za simu anapofunga hesabu, anachotafuta ni kimoja: taslimu iliyo kwenye droo ikijumlishwa na floti iliyo kwenye simu, jibu liwe sawa na mtaji alioanza nao asubuhi. Tuseme mtaji ni shilingi 2,000,000. Anahesabu noti, anapata 1,240,000. Anaangalia salio la floti, anakuta 810,000. Jumla ni 2,050,000. Anarudia kuhesabu, jibu ni lile lile. Shilingi 50,000 zimezidi, na haziwezi kuwa kamisheni, maana kamisheni huhesabiwa kando. Hizo ni hela za mteja aliyekwisha kwenda zake.

Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008, kazi ya kushika pesa za watu imetoka kwenye kaunta za benki ikafika vibandani na chini ya miavuli ya barabarani. Wengi wanaoifanya ni vijana walioajiriwa na mwenye kibanda, na makubaliano yao ya kazi mara nyingi ni ya mdomo tu. Katika makubaliano hayo kuna kipengele ambacho karibu kila mhudumu anakijua: hela ikipungua, unalipa wewe. Kuhusu hela inayozidi, mara nyingi hakuna aliyesema lolote.

Hapo ndipo mtihani ulipo. Mhudumu aliyeikuta hiyo 50,000 huenda wiki iliyopita alikatwa 30,000 kwenye mshahara kwa kosa la kuhesabu. Moyoni anaona kwamba leo kimerudi kilichokuwa chake. Simwoni kuwa mwizi mtu anayewaza hivyo, kwa sababu aliyempangia kazi amemfanya abebe hasara zote peke yake, na mtu aliyebebeshwa hasara hutafuta pa kuifidia. Lakini hesabu yake ina kasoro moja kubwa. Aliyeondoka na ile 30,000 ni mteja mwingine. Huyu wa leo hadaiwi kitu.

Ziada ya namna hii ina asili chache zinazojulikana. Mteja alitoa 150,000, noti zikahesabiwa haraka haraka foleni ikiwa ndefu, akapewa 100,000. Au aliweka 200,000, mhudumu akaingiza 150,000, na mteja hakusoma ujumbe wa kuthibitisha. Au mtandao ulisuasua, mteja akaacha hela akiambiwa ujumbe utaingia baadaye, na muamala haukukamilika kabisa. Kila moja ya hizi huacha alama. Simu ya uwakala ina orodha ya miamala ya siku nzima, na daftari la kibanda, kama linajazwa ipasavyo, lina namba za simu, viwango na sahihi.

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inamwangalia kwa huruma kiasi mtu aliyetumia kitu cha kuokota, ikiwa hamjui mwenyewe na ana sababu za msingi za kuamini kwamba hawezi kupatikana. Mpita njia aliyeokota noti sokoni anaweza kujitetea hivyo. Wakala hawezi, kwani mwenye hela yumo ndani ya orodha aliyoishika mkononi. Na kwa wanaofuata fiqhi ya Kiislamu, hata kitu cha thamani kilichookotwa njiani hutangazwa mwaka mzima kabla ya aliyekiokota kukitumia. Sembuse hela ya mtu uliyemhudumia mchana huohuo.

Namna ya kumtafuta mwenyewe inahitaji akili. Ukimpigia mteja ukamuuliza, "Mama, leo hukupungukiwa elfu hamsini?", umeshampa jibu, na yuko atakayelichukua. Swali lifaalo halitaji kiasi: "Shikamoo mama, nakupigia kutoka kibandani, tunahakiki miamala ya leo. Ulitoa shilingi ngapi, na mkononi ulipewa ngapi?" Anza na miamala mikubwa, kwa sababu si rahisi 50,000 ipotee ndani ya muamala wa 20,000. Kabla ya kupiga hata simu moja, andika ziada hiyo daftarini, tarehe na saa, kisha mwarifu mwenye kibanda. Hela iliyoandikwa usiku ule ule hata wiki ikipita inabaki kuwa amana inayosubiri mtu wake. Isiyoandikwa huanza kuguswa kidogo kidogo, leo nauli, kesho chakula, na anayeigusa hukusudia kabisa kuirudisha.

Mzigo mkubwa zaidi naona ni wa mwenye kibanda. Akikata kila upungufu na kuichukua kila ziada kama faida, anamfundisha mhudumu wake kunyamaza. Mhudumu atajitengenezea akiba ya siri ya ziada ili ifidie upungufu ujao, na hapo hesabu za jioni zitaonekana safi miezi mitatu mfululizo huku wateja wakiibiwa bila yeyote kukusudia wizi. Mwajiri anayetaka ziada ziripotiwe hana budi kukubali kubeba sehemu ya upungufu unaotokana na makosa ya kweli, na ayaseme hayo siku ya kwanza ya kazi.

Linabaki swali la hela ambayo mwenyewe hakupatikana hata baada ya simu zote. Maoni yangu ni kwamba isigawanywe wala isiingizwe kwenye mtaji kimyakimya. Iwekwe kwenye bahasha yake, na mstari wake daftarini ubaki wazi bila kufungwa. Mteja akitokea baada ya miezi sita na muamala wake ukilingana na ule wa siku ile, alipwe pale pale, hata kama mhudumu aliyempokea siku ile ameshaacha kazi.