Istilahi za Ukarabati wa Nyumba za Zamani: Rangi Yenye Risasi na Vazi la Ukuta

Tangu familia nyingi zinazosema Kiswahili, hasa kutoka Kongo na Burundi, zilipopelekwa kuishi Marekani kama wakimbizi, yamezuka mahitaji mapya ya tafsiri. Mojawapo ni maelezo ya usalama wa nyumba za zamani. Sheria ya Marekani ya mwaka 1992 humtaka mwenye nyumba ya makazi iliyojengwa kabla ya 1978, anapoiuza au kuipangisha, amweleze mnunuzi au mpangaji kila analolijua juu ya rangi yenye risasi iliyomo, tena kabla mkataba haujatiwa saini. Maelezo hayo hayana faida ikiwa msomaji hakuelewa kilichoandikwa. Katika makala haya tunakusudia kuyachambua maneno ambayo yakitumiwa ovyo huleta hatari, na kupendekeza yanayofaa.

Ubaya wa jambo lenyewe haukufichika. Mwaka 2000, katika mji wa Manchester, jimbo la New Hampshire, mtoto wa kike wa miaka miwili, wa familia ya wakimbizi kutoka Sudan, alifariki kwa sumu ya risasi. Familia hiyo ilikuwa haijatimiza hata miezi miwili tangu kuwasili, na ilikuwa ikikaa katika nyumba ya kupanga ya zamani ambayo rangi yake ilikuwa na risasi.

Risasi ni nini?

Neno risasi, lenye asili ya Kiarabu, lina maana mbili zinazojulikana na kila msemaji. Kwanza, ni madini mazito, laini, ya kijivu. Ndiyo yatumiwayo katika betri za magari na katika chubwi za wavuvi. Pili, ni kile kitokacho kwenye mtutu wa bunduki. Maana ya pili imekuwa na nguvu zaidi katika mazungumzo ya kila siku, hata mtu akisoma “hatari ya risasi” hufikiri habari za vita. Na kwa mtu aliyekimbia vita wazo hilo huja upesi zaidi. Hali kadhalika tunasema “kalamu ya risasi”, ilhali ndani ya kalamu hiyo hamna risasi bali grafiti, na mtoto akiitafuna hapati sumu ya madini haya.

Wako wanaoshauri kwamba, ili kukwepa utata huo, tutohoe neno la Kiingereza na kusema ledi, au tufuate Kilatini na kusema plumbi. Sisi hatuoni hivyo. Onyo huandikwa ili lieleweke na mama anayelea, mpangaji na fundi, wala si mkemia peke yake. Neno risasi lipo tayari, na maana yake ya madini ingali hai. Linalotakiwa ni kulipa neno hilo mwenzi wa kulifafanua. Kwa hiyo, linapotokea kwa mara ya kwanza katika andiko lolote, liandikwe “madini ya risasi”. Baada ya hapo “risasi” peke yake itatosha.

Rangi ya risasi au rangi yenye risasi?

Hapa kuna mtego mwingine. Katika Kiswahili neno rangi lina maana ya wekundu, weupe au kijani cha kitu, na papo hapo lina maana ya kile kipakwacho ukutani. Aidha, kiunganishi cha -a huonyesha mfano wa rangi: rangi ya maziwa, rangi ya kahawia, rangi ya majivu. Basi mfasiri akiandika “rangi ya risasi”, msomaji ana haki ya kuelewa kwamba ukuta una rangi ya kijivu. Aliyeupaka ukuta wake rangi nyeupe atajiona salama, kumbe kihistoria weupe ndio uliotumia risasi kwa wingi, maana unga mweupe uliotengenezwa kwa kaboneti ya risasi ulikuwa kiini cha rangi nyeupe za mafuta kwa karne nyingi. Uliipa rangi uzito wa kufunika na uwezo wa kustahimili mvua na jua.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza “rangi yenye risasi” na kinyume chake “rangi isiyo na risasi”. Kivumishi -enye kinaondoa shaka yote.

Marekani ilipiga marufuku rangi hiyo kwa nyumba za makazi mwaka 1978, kwa kuweka kikomo cha sehemu 600 za risasi katika sehemu milioni moja. Tangu mwaka 2009 kikomo ni sehemu 90, ambacho pia ndicho kinachopendekezwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa. Lakini sheria haikubandua rangi iliyokwisha kupakwa. Inakadiriwa kwamba, kwa kila nyumba 100 za Marekani zilizojengwa kabla ya 1940, nyumba 87 zina rangi yenye risasi. Kwa zile za kati ya 1940 na 1959, ni 69. Na kwa zile za kati ya 1960 na 1977, ni 24.

Magamba na vumbi

Rangi ikizeeka hubabuka na kuanguka vipande vipande. Vipande hivyo tunaviita magamba ya rangi, na neno hili linafaa sana. Hata hivyo adui mkubwa zaidi ni vumbi. Ukuta ukipigwa msasa, au dirisha likifunguliwa na kufungwa kila siku huku mbao zake zikisuguana, rangi husagika ikawa vumbi jembamba lisiloonekana. Vumbi hilo hutua sakafuni na katika udongo ulio chini ya kuta. Mtoto hutambaa, hutia mikono kinywani, na risasi huingia mwilini mwake na kudhuru ubongo unaokua. Hakuna kiwango cha risasi katika damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama.

Mfasiri na achunguze vitenzi. Agizo la “kufagia vumbi” ni kosa, maana ufagio mkavu hulirusha hewani. Agizo sahihi ni “kupangusa kwa kitambaa kilicholoweshwa”, au kutumia kifyonza vumbi chenye kichujio maalumu cha kunasa chembe ndogo sana.

Vazi la ukuta

Msomaji wa Afrika Mashariki, aliyezoea kuta za matofali, udongo au matumbawe, hana budi kuelezwa kwanza kitu chenyewe. Nyumba nyingi za Marekani zina kuta za fremu ya mbao. Juu ya fremu hiyo, upande wa nje, hupigiliwa safu ya mbao au vipande vya namna nyingine vinavyopandana ili maji ya mvua yateremke yasipenye. Kiingereza kina neno moja la kuitaja safu hiyo, sisi hatuna.

Tumeyapima maneno matatu. Bitana halifai, kwa kuwa bitana ya nguo hukaa ndani. Gamba linavutia, kwani vipande hivyo hupandana mfano wa magamba ya samaki; lakini tumekwisha kusema magamba ya rangi, na onyo lisemalo “usiguse magamba” lingemwacha msomaji njia panda. Lililobaki ni vazi. Vazi huvaliwa nje, huukinga mwili, na huweza kubadilishwa. Tunapendekeza basi “vazi la ukuta”.

Mavazi hayo ni ya aina nyingi, na majina yake yatofautishwe vema. Liko vazi la mbao, ambalo hudai kupakwa rangi kila baada ya miaka kadhaa, la alumini, na la vinili, ambalo ni plastiki isiyohitaji rangi lakini huyeyuka kwa joto kali. Uangalifu zaidi unatakiwa kwa vazi la saruji. Zamani saruji ilichanganywa na asbesto, ambayo nyuzi zake zikivutwa pumuzini huleta saratani. Siku hizi huchanganywa na nyuzi za mimea. Mfasiri akiandika “saruji ya nyuzi” kwa zote mbili, amemchanganya fundi kati ya kitu asichopaswa kukivunja kabla ya kupimwa na kitu kinachouzwa dukani leo. Tuseme “saruji ya asbesto” kwa ile ya kwanza, na “saruji ya nyuzi za mimea” kwa ya pili. Hii ya pili nayo ikikatwa hutoa vumbi la silika linalodhuru mapafu.

Kuondoa, kufunika na kuziba

Mwenye nyumba yenye ukuta wa mbao uliopakwa rangi yenye risasi anaweza kufuata mojawapo ya njia tatu. Anaweza kuzing'oa mbao au kuitoa rangi yake. Huko ndiko kuondoa. Anaweza kuuacha ukuta wa zamani na kupigilia juu yake vazi jipya lisilopitisha vumbi. Huko ni kufunika. Au anaweza kupaka mpako maalumu unaoishika rangi ya zamani isibabuke. Huko ni kuziba. Rangi ya kawaida haihesabiwi kuwa mpako wa kuziba.

Maneno haya matatu yasibadilishane nafasi. Aliyefunika hakuondoa. Risasi ingali chini ya vazi jipya, na siku fundi mwingine atakapotoboa ukuta kuweka dirisha, vumbi litarudi. Mpangaji aliyesoma kwamba risasi “imeondolewa” hatakuwa na sababu ya kujihadhari.

Vivyo hivyo, “kazi salama” si sawa na “nyumba isiyo na risasi”. Kanuni iliyoanza kutumika Marekani mwaka 2010 huwataka mafundi wanaolipwa kukarabati nyumba za kabla ya 1978 wawe na cheti cha kufanya kazi kwa usalama. Kwa kuta za nje, ardhi hutandikwa nailoni nzito kufikia mita 3 hivi kutoka ukutani. Rangi haichomwi kwa moto wazi. Na mashine ya msasa haitumiki bila kifyonza vumbi chenye kichujio maalumu. Cheti hicho huthibitisha namna ya kufanya kazi. Hakithibitishi kwamba nyumba imetakasika.

Muhtasari wa istilahi

Madini ya risasi: metali nzito ya kijivu, yenye sumu.
Rangi yenye risasi: rangi ya kupaka iliyochanganywa na madini hayo.
Magamba ya rangi: vipande vya rangi iliyobabuka.
Vazi la ukuta: safu ya nje iukingayo ukuta na mvua na jua.
Saruji ya asbesto. Saruji ya nyuzi za mimea: aina mbili za saruji zisizopaswa kuchanganywa.
Kuondoa: kuitoa rangi, au kitu kilichopakwa rangi hiyo.
Kufunika: kujenga kizuizi imara juu ya rangi inayobaki.
Kuziba: kupaka mpako maalumu juu ya rangi inayobaki.

Haya ni mapendekezo. Walimu wa ufundi, wafasiri na watumishi wa idara za nyumba na afya wanaombwa kuyajaribu katika kazi zao na kutuletea maoni, hasa pale wanapolijua neno la mafundi ambalo sisi hatukulitaja.