Masjala ya Ardhi ya Kijiji: Ngao ya Kwanza ya Mwananchi wa Haneti

Kata ya Haneti, iliyopo kaskazini mwa Jiji la Dodoma katika Wilaya ya Chamwino, ni eneo la wakulima na wafugaji wanaotegemea mvua chache za nyanda za kati kulima mtama, uwele, karanga na alizeti. Jina la Haneti linafahamika pia kwa wafanyabiashara wa vito kutokana na krisopresi, jiwe la kijani linalopata rangi yake kutokana na nikeli, madini ambayo nayo yamekuwa yakitafutwa katika ukanda huohuo.

Tangu mwaka 2016, Serikali ilipotangaza kutekeleza uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamia Dodoma, na baadaye mwaka 2018 Bunge lilipotunga Sheria ya kuitangaza Dodoma kuwa Makao Makuu ya Nchi, mahitaji ya ardhi katika mkoa huu yameongezeka. Katika mazingira hayo, swali la nani anamiliki kipande kipi cha ardhi, na ushahidi wake umehifadhiwa wapi, linagusa maisha ya kila kaya.

Mkoa wa Dodoma unalifahamu swali hilo kwa historia yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kupitia Operesheni Dodoma, wananchi wengi walihama makazi yao ya asili, wakaacha mahame nyuma yao na kugawiwa maeneo katika vijiji vipya. Mara nyingi ugawaji ule ulifanyika kwa maneno na kwa kuonyeshana mipaka ya miti, mawe na makorongo. Kumbukumbu ya namna hiyo hudumu kadiri wazee walioshuhudia wanavyoendelea kuishi. Wanapotangulia mbele ya haki, mgogoro huibuka kati ya warithi wa mwenye ardhi ya awali na warithi wa aliyegawiwa.

Migogoro hiyo, iliyojitokeza katika mikoa mbalimbali nchini, ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyochunguzwa na Tume ya Rais ya Kuchunguza Masuala ya Ardhi, iliyoundwa mwaka 1991 chini ya uenyekiti wa Profesa Issa Shivji. Baadaye ilifuata Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995, kisha Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 za mwaka 1999, zilizoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2001. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, ugawaji wa ardhi uliofanyika wakati wa uanzishwaji wa vijiji, kati ya tarehe 1 Januari, 1970 na tarehe 31 Desemba, 1977, ulithibitishwa kuwa halali. Hata hivyo, uhalali huo unahitaji kumbukumbu inayoonyesha nani alipewa nini.

Sheria imeikabidhi Halmashauri ya Kijiji jukumu la kusimamia ardhi ya kijiji kwa niaba ya wakazi wote, mithili ya mdhamini anayetunza mali ya wengine. Halmashauri hiyo hairuhusiwi kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao ni mkutano wa wakazi wote waliofikisha umri wa miaka 18. Aidha, endapo ardhi ya kijiji inakusudiwa kuhamishwa kwenda kundi jingine la ardhi, eneo lisilozidi hekta 250 huamuliwa na Mkutano Mkuu wa Kijiji, na eneo linalozidi hapo huamuliwa na Waziri mwenye dhamana ya ardhi baada ya kuzingatia mapendekezo ya mkutano huo.

Mamlaka hayo ya wananchi huwa na nguvu pale wanapozifahamu nyaraka zinazohusika. Nyaraka za msingi ni nne. Ya kwanza ni Cheti cha Ardhi ya Kijiji, ambacho huthibitisha mipaka ya kijiji na vijiji jirani. Ya pili ni Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Kijiji, unaoandaliwa chini ya Sheria Na. 6 ya mwaka 2007 na kuonyesha maeneo ya kilimo, malisho, makazi, misitu na huduma za jamii. Ya tatu ni daftari la ardhi ya kijiji, ambamo huingizwa Hati za Hakimiliki ya Kimila. Ya nne ni mihtasari ya vikao vya Halmashauri ya Kijiji na ya Mkutano Mkuu, ambayo huonyesha ardhi ipi iligawiwa, lini, kwa nani na kwa ridhaa ya nani. Mahali pa kuzihifadhi ni masjala ya ardhi ya kijiji, chumba chenye kabati imara linalofungwa.

Mwananchi anayetaka kuona nyaraka hizo anaanzia kwa Mtendaji wa Kijiji. Msingi wa haki yake ni Ibara ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, inayotambua haki ya kutafuta na kupokea habari, pamoja na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa Na. 6 ya mwaka 2016. Sheria hiyo inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa taasisi ya umma, na taasisi husika hutakiwa kumjibu ndani ya siku 30. Ombi huwasilishwa kwa maandishi. Kwa asiyejua kusoma na kuandika, au mwenye ulemavu unaomzuia kuandika, ombi hupokelewa kwa mdomo na afisa mwenyewe huliandika. Mwombaji anaweza kutakiwa kuchangia gharama za kutoa nakala.

Haki hiyo ina mipaka yake. Taarifa zinazohusu usalama wa Taifa, uchunguzi unaoendelea au faragha ya mtu zinaweza kuzuiliwa. Ombi linapokataliwa, mwombaji anayo haki ya kuomba uamuzi huo upitiwe upya na mkuu wa taasisi. Kwa sababu hiyo, inashauriwa mwombaji abaki na nakala ya ombi lake yenye tarehe na muhuri wa kupokelewa, kwani siku 30 huhesabiwa kwa tarehe iliyoandikwa.

Katika eneo lenye madini kama Haneti, nyaraka hizi zina umuhimu wa pekee. Leseni ya madini hutolewa na Tume ya Madini kwa ajili ya madini yaliyo ardhini, nayo haimpi mwenye leseni umiliki wa shamba lililo juu yake. Sheria ya Madini inamtaka apate ridhaa ya maandishi ya mmiliki halali kabla ya kufanya shughuli karibu na nyumba au shamba lililoandaliwa kwa mazao. Mkulima ambaye shamba lake limeingizwa katika daftari la kijiji huwa na mahali pa kusimamia anapoombwa ridhaa hiyo au anapodai fidia. Vilevile, eneo la malisho lililoandikwa katika mpango wa matumizi ya ardhi ni vigumu kulitangaza kuwa pori lisilo na mwenyewe.

Wanawake nao wanalindwa na kumbukumbu hizo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inatamka kuwa mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume, na kwamba mila inayomnyima haki hiyo ni batili. Mjane ambaye jina lake limo katika Hati ya Hakimiliki ya Kimila pamoja na la marehemu mumewe huwa na ushahidi ambao kikao cha ukoo pekee hakiwezi kuufuta.

Mgogoro unapotokea, hatua ya kwanza ni Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba ambao kati yao wasiopungua watatu ni wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Kufuatia marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata nalo husuluhisha badala ya kutoa hukumu, na usuluhishi usipofikiwa ndani ya siku 30 shauri huweza kufunguliwa katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Katika ngazi zote hizo, mwenye kumbukumbu zilizoandikwa huwa na kauli nzito kuliko mwenye maneno matupu, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

Mkutano Mkuu wa Kijiji hupaswa kufanyika walau mara moja kila miezi mitatu, na Halmashauri ya Kijiji hutakiwa kutoa humo taarifa ya usimamizi wa ardhi. Huo ndio wakati muafaka kwa mwananchi kuuliza daftari liko wapi, shamba lake limeandikwaje, na ni ardhi gani iliyogawiwa tangu mkutano uliopita.