Tomate inaumia kabla gari haijaondoka

Mutu akitoka Luvungi ao Sange na tomate ya kuuza Kadutu, akifika na kitunga kinachovuja maji, analaumu barabara. Kweli, kupanda Ngomo na kamyo si mchezo. Lakini fungua kitunga kile, angalia tomate moja moja: vidonda vingi vilianzia shambani na wakati wa kupakia. Na hasara inarudi kwa mukulima, kwa sababu muuzaji wa soko anatupa zilizooza na zinazobaki anazipunguzia bei.

Tomate iliyochumwa bado iko hai. Inapumua, na kwa kupumua inatumia sukari yake na kupoteza maji, na karibu 95 kwa mia ya tomate ni maji. Joto likipanda digrii 10, kupumua kunaongezeka mara 2 ao 3. Njo maana ile iliyochumwa mchana hapa uwandani, ikaachwa kwenye jua kungoja gari, inafika Bukavu imechoka. Chuma asubuhi, umande ukishakauka, na weka mavuno kivulini palepale: chini ya muti, ao kwenye kibanda cha majani.

Kama soko liko mbali, usingoje ziive shambani. Chuma zinazoanza kupiga rangi kwenye kitako, zitaiva njiani. Zile changa kabisa ziache, maana hata zikigeuka nyekundu hazina ladha. Ondoa kikonyo, kwa sababu kikikauka kinatoboa tomate jirani.

Wengine wanaziosha ili zing'ae. Hapo mimi nakataa. Tomate yenye joto ukiitia kwenye maji baridi, inavuta maji ndani kupitia pale kikonyo kilipotoka, na vijidudu vya kuozesha vinaingia pamoja nayo. Ikiwa na udongo, pangusa na kitambaa kikavu.

Sasa tuongee kitunga. Kitunga kirefu kinapendwa kwa sababu kinabeba mingi, lakini tomate za chini zinabeba uzito wa zote za juu, na kwa kila shimo la barabara zinapigwa tena. Halafu mnunuzi anadai kitunga kiwe na kichwa, munajaza mpaka kupita mdomo, wanafunga na kamba na kukaza. Kile kichwa munakitoa bure, na kukaza ndiko kunakoponda. Kesi ya plastiki ao ya mbao, isiyopita santimetre 30 kwenda chini, yenye matundu ya kupitisha hewa, inapangwa juu ya nyingine bila kugusa tomate. Ile ya mbao itandikeni majani makavu, na msijaze kupita ukingo. Ni ghali kuliko kitunga, sibishi. Lakini koperative ikinunua kesi pamoja na muzani, munaweza kuuza kwa kilo, na habari ya kichwa inaisha. Mukulima mmoja peke yake hawezi kumlazimisha mnunuzi. Wakulima wote wa eneo moja wakikubaliana, inawezekana.

Kwenye gari, msipange tomate pamoja na ndizi zilizoiva: ndizi inatoa hewa inayoivisha vitu vingine haraka. Bashi isilale juu ya mzigo; acheni nafasi upepo upite. Na hakuna mutu wa kukaa juu ya kesi, hata kama dereva anasema ni kidogo tu.

Gari lisipofika siku ile? Jengeni sanduku la matofali, kuta mbili, katikati mchanga unaomwagiliwa maji asubuhi na jioni, juu gunia lenye unyevu, na kivuli. Maji yakikauka yanachukua joto. Wakati wa kiangazi linasaidia vizuri. Wakati wa mvua, hewa ikiwa na unyevu, faida ni ndogo.

Kabla ya kununua kesi, chagueni mutu wa kuzihesabu zinapotoka na zinaporudi, na kila kesi ipigwe rangi ya koperative. Dereva anayerudisha kesi zote apewe kitu kidogo, kiandikwe ndani ya bei ya usafiri tangu mwanzo.